Mwenye Meza ya Kadi

Katika miaka yake ya mwisho kazini, Andendekisye hakupita hata siku moja mlango wa mbele wa hospitali. Alizunguka nyuma, kando ya kamba za kuanikia mashuka, akaingia chumba cha kuchemshia vyombo kwa kijilango ambacho mtu mzima lazima ainame. Wapishi walisema mzee anakwepa maneno ya watu. Mchungaji alisema huo ndio unyenyekevu, akamtaja mpaka kwenye mahubiri. Andendekisye alikaa benchi la nyuma akitazama viatu vyake. Mtu akiisifu aibu yako kanisani, utasimama umkatize?

Lakini kulikuwa na siku alizopita mbele, tena katikati ya mlango, kifua mbele, na ukitaka kumjua lazima uanzie huko.

Alizaliwa milimani Rungwe, kwa wakulima wa ndizi, akasoma madarasa manne kwa wamisionari. Alipokuja kwenye hospitali hii ya misheni, iliyo mlimani nje kidogo ya mji wa Mbeya, alipewa ufagio. Akafagia miaka miwili. Kisha akafundishwa kufunga vidonda, kisha kuchoma sindano, kisha kupima homa, na mwishowe akawa dresa kamili, kaptura nyeupe na soksi zilizovutwa hadi magotini. Akamwoa Damari, wakapata watoto, na mkubwa wao Yotamu alipokuwa kijana akaenda kutafuta maisha migodini, upande wa Kitwe.

Hospitali ilikuwa na madresa sita, na kazi yao ilikuwa moja tu: kila kitu. Dresa yule yule aliyekuandika jina ndiye aliyekukimbilia ufunguo wa dawa, ndiye aliyekufunga kidonda, na katikati ya kidonda aliitwa kushika taa kwenye chumba cha upasuaji, akakuacha na mguu wako juu ya kiti. Mikasi iliwekwa motoni na kusahauliwa mpaka sufuria ikaungua. Mzee mmoja wa Kisafwa alichomwa sindano mbili za dawa ile ile asubuhi moja, kwa sababu madresa wawili walimhurumia kwa nyakati tofauti. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini hakurudi tena.

Mwaka 1954 akaja Sista mpya. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, aliyetembea na saa mfukoni. Wiki mbili za kwanza hakugusa mgonjwa. Alisimama kwenye kona na karatasi, akaandika nani amekwenda wapi, mara ngapi. Akagundua kwamba Andendekisye peke yake, kwa asubuhi moja, alivuka ua mara arobaini na moja, na kumi na tisa kati ya hizo alikuwa akitafuta ufunguo. Walipoambiwa hivyo madresa walicheka. Sista hakucheka. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa amemfundisha methali ya mshika mawili, kwamba moja humponyoka, naye akaitumia kama chumvi, kila mahali. Akawagawia kazi: Danieli vidonda tu, Saulo dawa tu, Marta wodi ya wazazi wala asiitwe kwingine. Watu hawakuchelewa, wakambatiza Sista Kila Mtu na Lake.

Ikabaki kazi ya mlango. Mtu wa mlangoni alitakiwa ajue kuandika, ajue lugha tatu nne za milima hii, na zaidi ya yote aweze kumtazama mtu usoni na kujua ni nani hawezi kungoja. Hapakuwa na mwingine. Sista akampeleka Andendekisye Iringa miezi miwili, kwenye hospitali nyingine ya misheni iliyokuwa imekwisha kugawa kazi namna hiyo, akajifunze.

Huko alikabidhiwa kwa Ambrosi, Mhehe mfupi mwenye kicheko cha polepole. Kila asubuhi Ambrosi alimpa kamwene, salamu ya kwao, akamketisha kando yake, na Andendekisye akafungua daftari lake na kuandika yote: kadi nyekundu kwa asiyeweza kungoja, kadi nyeupe kwa anayeweza, mtoto anayehema kwa mbavu asiulizwe jina kwanza, mlio wa kikohozi. Aliandika vizuri, mwandiko wa darasa la nne wenye kujivunia mikia ya herufi.

Mlango wa Iringa ulikuwa na watu wawili, Ambrosi na mama wa makamo aliyeitwa Apolonia. Andendekisye alidhani Apolonia yupo kwa ajili ya kusaidia tu. Wiki ya tatu akatokea kikongwe mmoja kwa mbali, na Ambrosi, bila kuambiwa na mtu, akainuka, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji mpaka Apolonia alipomaliza kumwandika yule mama na kumpeleka ndani. Alirudi akijipangusa mikono kama aliyetoka kunawa.

“Mama mkwe wangu yule,” akasema. “Mlangoni hukai peke yako, ndugu yangu. Ukikaa peke yako, iko siku watu wako wenyewe watashindwa kupita.”

Andendekisye alicheka, kwa kuwa kwao jambo hilo ni zito kuliko kwa Wahehe. Kwao ni mkamwana. Mke wa mwanao hakutazami, hatamki jina lako wala neno linalofanana na jina lako, na akikuona njiani anajifunika kichwa na kuingia majanini. Ndiyo maana vijana wa Kinyakyusa hujenga mbali na baba zao. Wainjilisti walikuwa wakihubiri kwamba mambo hayo yamepita, na wanawake waliitika amina, kisha wakitoka kanisani wanapita kichochoro kile kile cha zamani. Na desturi hii ina pande mbili, ingawa upande wa pili watu hawapendi kuusema: mkwe mwanamume akiona amemzibia njia mkamwana, yeye ndiye anayegeuza uso na kuondoka.

Basi akaandika kwenye daftari: Mlangoni watu wawili, mwanamume na mwanamke, kwa sababu ya wakwe.

Safari ya kurudi ilikuwa kwa basi la Relwe, shirika la reli, na lilipofika Igawa likachemka maji, abiria wakashuka kungoja lipoe. Andendekisye alikaa juu ya jiwe, akafungua daftari asome upya masomo yake. Alikuwa amekwisha kujiona mlangoni, meza mbele yake, kadi mkono wa kulia, watu kutoka Rungwe hadi Usangu wakisimama mbele yake kwa adabu. Akafika kwenye ule mstari. Watu wawili. Maana yake meza ya watu wawili, na Sista akishajua atamweka Tekla, dresa mwenzake wa kike, au mwingine yeyote, na watu watasema mlango wa akina Andendekisye na Tekla. Alitazama huku na huku, kama mtu anayetaka kujisaidia porini, kisha akatoa penseli na kuufuta ule mstari. Hakuwa na raba. Aliukwaruza juu kwa juu mpaka karatasi ikang'aa.

Sista alimpokea kwa chai. Akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mengi ya kadi na ya foleni, na kabla hajamruhusu akauliza la mwisho: kuna jambo lolote la mila za watu wa hapa ambalo mimi mgeni siwezi kuliona?

“Hakuna, Sista,” alisema Andendekisye.

Lazima tumpe haki yake: mlango aliuweza. Foleni iliyokuwa ikikaa mpaka saa nane mchana ikawa inakwisha kabla ya saa tano na nusu. Watoto wa vichomi waliokuwa wakifia migongoni mwa mama zao wakingoja zamu, sasa walipita mbele na kadi nyekundu. Danieli alipata nafasi ya kufunga kidonda kikafungika. Watu wakaanza kumwita Mwenye Meza, naye akaitika. Akaomba mlango wa pembeni, ule wa baraza ya wanawake, ufungwe, kwa kuwa kina mama walikuwa wakijipenyezea kwa Marta bila kadi na kumharibia hesabu ya siku. Sista akakubali. Akala mezani, akaumwa malaria mezani, amejifunika blanketi na kalamu mkononi. Mtu hakuandikwa asipofika mezani pake, na asiyeandikwa hakuingia. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na aliipenda kuliko Sista mwenyewe.

Sasa tufike Juni ya 1955, asubuhi ya ukungu na baridi ile inayouma masikio. Bwana mkubwa wa afya wa jimbo alikuwa amepeleka habari kwamba atakuja saa tatu kuona mpango wa kazi unavyokwenda, ili kama ni mzuri akauseme kwingine. Andendekisye alivaa soksi mpya. Damari hakuwapo nyumbani, alikuwa Rungwe kwenye msiba wa dada yake.

Saa tatu ilipokaribia, aliinua macho kutoka kwenye kadi akaona, mahali njia inapopinda kwenye mikaratusi, mwanamke aliyevaa kitambaa cha buluu, mkono mmoja kiunoni. Mwanamke akapanda hatua moja, akaona meza na aliyekaa, akajifunika kichwa na kushuka pembeni majanini, taratibu, kama mtu mwenye mzigo asiotaka kuuangusha. Andendekisye akageuza uso.

Aligeuza uso kwa mazoea, kabla hajafikiri. Kisha akafikiri. Hakuna mwanamke mlimani kote ambaye angeiogopa meza ile isipokuwa mke wa mwanawe. Alikuwa Sekela, mke wa Yotamu, mwenye mimba ya miezi saba, na Yotamu yuko Kitwe.

Ilikuwa ainuke. Miguu yenyewe ilikuwa imekwisha kujikunja ili ainuke. Lakini foleni ilikuwa ndefu, hapakuwa na wa kushika kalamu, na bwana mkubwa angeweza kuingia wakati wowote akakuta kiti kitupu. Akajiambia: bwana mkubwa akishapita, nitaondoka. Ni suala la dakika chache. Pengine ana kikohozi tu.

Bwana mkubwa hakuja saa tatu. Hakuja saa nne. Katikati ya hapo mama mmoja mwenye tenga la ndizi alifika mezani akasema kuna mwanamke kule kwenye mikaratusi, hali yake si nzuri.

“Aje mwenyewe,” alisema Andendekisye bila kuinua macho. “Anaandikwa anayefika mezani.”

Yule mama akamtazama, akabeba tenga lake akaenda zake.

Gari la bwana mkubwa lilifika saa tano na robo. Alikagua kadi, akatazama foleni, akauliza mambo mawili, kisha mbele ya watu wote akampa mkono Andendekisye na kumwambia Sista kwamba mtu kama huyu anafaa kufundisha wengine. Mkono ulikuwa bado haujaachiliwa Marta alipotokea njiani akikimbia. Alikuwa ameteremka kuchukua mashuka mabichi. Aprini yake ilikuwa nyekundu hadi magotini, naye alikuwa akiita machela.

Sekela alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa pale majanini na hakulia. Marta alisema baadaye kwamba kama angefikishwa wodini saa tatu, au hata saa nne, zipo namna za kumsaidia mtoto wa miezi saba. Amepata kuwafunga kwenye pamba na chupa za maji moto wakaishi. Alisema hivyo kwa huzuni tu, wala hakumsema mtu.

Hilo ndilo lililomtesa Andendekisye: hakuna aliyemsema. Damari aliporudi alilia na kusema desturi zetu zitatumaliza. Yotamu aliomba ruhusa migodini, akaja na blanketi zito kama zawadi ya baba yake, akasema Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Andendekisye alilipokea lile blanketi kwa mikono miwili na tangu siku hiyo hakupata joto ndani yake.

Sista naye alijilaumu mwenyewe. Jumatatu aliwakusanya wote, uso umemkauka, akasema mpango utaachwa. Ameleta mambo ya kwao kwa watu asiowajua, na mtoto amelipia ujinga wake. Kuanzia wiki ijayo kila dresa atafanya kama zamani.

Andendekisye alisikia akilini ile sufuria ikiungua. Akaona foleni ya saa nane, na watoto wa vichomi migongoni. Usiku mmoja na mchana wake alizunguka na jambo hilo, kisha akachukua daftari la Iringa akaenda ofisini, akalifungua kwenye ule mstari na kuliweka mbele ya Sista. Sista hakuelewa. Akalisogeza dirishani, na kwenye mwanga, chini ya mkwaruzo, maneno yakasomeka.

“Ulijua?” aliuliza Sista.

“Nilifundishwa Iringa. Nikafuta mwenyewe, nisigawane meza.”

Alisema yote hayo amesimama, machozi yakimshuka hadi kidevuni.  Sista hakumfukuza. Wiki ile ile mlango wa wanawake ulifunguliwa, Tekla akawekwa mezani pamoja na dresa mwingine, na ikawa sheria kwamba mmoja akiwa na mkwe wake kwenye foleni, ainuke. Mpango ukabaki, ukafanya kazi vizuri kuliko kwanza. Andendekisye aliomba kazi ya kuchemsha vyombo, akapewa.

Habari za daftari zikaenea, na watu, badala ya kumtemea mate, wakamheshimu. Mtu mzima kukiri vile, tena kwa mgeni. Ndipo mchungaji alipomwingiza kwenye mahubiri. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na wao waliona amechutama vizuri. Lakini alikuwa amekiri nusu. Alisema alijua sheria ya Ambrosi. Hakusema alijua ni nani aliyekaa kwenye mikaratusi. Watu wote, Damari na Yotamu wakiwemo, waliamini kwamba aliona tu mwanamke fulani mwenye haya, akampuuza kama mtumishi mwenye kiburi anavyompuuza mtu. Mwenye kiburi husamehewa. Alijaribu mara nyingi kumwambia Damari, wakati wa kupalilia maharage, wakati wa sala, na kila mara akaishia kuuliza habari za mvua.

Akachemsha mikasi miaka mitatu. Alikuwa mwangalifu mno. Hakuna sufuria iliyoungua mikononi mwake.

Mwaka 1958 Sekela akaletwa tena, miezi imetimia, na safari hii akapita mlango wa wanawake. Asubuhi Marta alituma kuomba mikasi na nyuzi za kufungia kitovu. Andendekisye alivichemsha mara mbili. Akavifunika kitambaa, akaomba mtu mwingine avipeleke. Kabla ya saa sita kilio cha mtoto kikafika hadi chumba cha vyombo, kilio cha kweli, cha hasira. Akaketi juu ya kuni, akalia.

Damari alikuja mchana, akainama kwenye kijilango. Aliyezaliwa alikuwa msichana, mzima, mama naye mzima. Andendekisye alishukuru kwa lugha ya kwao, ndaga, ndaga, zaidi ya mara moja. Damari hakuondoka. Mkamwana hawezi kusema na mkwe wake, lakini mama mkwe anaweza kubeba neno.

“Sekela ana swali,” alisema. “Anasema amelibeba muda mrefu. Anauliza, siku ile ulijua kwamba ni yeye?”

Maji yalikuwa yakitokota. Lilikuwa neno moja tu, hapana, na dunia nzima ingelipokea, na Damari ndiye angekuwa wa kwanza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye peke yake.

“Mwambie nilijua,” alisema.

Damari alimtazama kama anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mtu huyu. Kisha akatoka kwenda wodini. Alikaa huko muda wa kutosha mtu kwenda kisimani na kurudi, na aliporudi hakuinama kuingia. Alisema akiwa nje, na Andendekisye aliona miguu yake tu na pindo la khanga.

“Anasema na yeye alijua. Alikuona ukigeuza uso. Yule mama wa ndizi alitaka kupiga yowe watu waje wambebe, yeye akamkataza. Alimwambia hakuna haja, baba ameniona, sasa hivi anaondoka.”

Miguu ilisimama pale kidogo, kisha ikaelekea wodini. Sufuria ilikuwa imebaki na maji ya chini kabisa. Andendekisye akainuka, akaongeza maji, akakaa kungoja yachemke.